Kibaba cha saa kikijaa

Mpwa wangu anasoma informatiki hapa mjini. Jumapili moja alinijia nyumbani Katindo, akaketi bila hata kungoja chai, akanisogezea simu yake. Alikuwa ameandika programu ndogo ya likelemba ya kina mama wa mtaa wake, wanaochanga kila juma na kupokezana. Mwaka huu wameongeza sanduku la watoto: kila mzazi anaweka kidogo kidogo kwa jina la mwanawe, na fedha haziguswi mpaka mtoto atimize miaka 18. Kijana aliijaribu programu kwa mtoto aliyezaliwa 1 Machi 2024. Kioo kikajibu kwamba sanduku litafunguliwa 23 Januari 1906.

"Mjomba, hesabu nimeipitia mara tatu," akaniambia. "Iko sawa."

Ni kweli, ilikuwa sawa. Alichukua siku ambayo mtoto atatimiza miaka 18, yaani 1 Machi 2042, akaigeuza kuwa sekunde, akaziweka sekunde hizo katika namba ya biti 32. Namba ile haikuwa na nafasi ya kuzibeba. Ikajaa, ikapinduka, ikamrudisha kwenye mwaka ambao watu wa Mfalme Leopold na Wajerumani walikuwa bado wanabishania mpaka wa Kivu. Lugha aliyoitumia haikumwonya. Ilimpa tarehe safi, yenye siku, mwezi na mwaka, kama karani anayeijua kazi yake.

Bahati yake ni kwamba aliiona kwenye kioo. Tarehe ile ingebaki ndani ya programu, pale inapojiuliza kama siku ya kufungua sanduku imekwisha kufika, jibu lingekuwa ndiyo, imefika zamani. Akiba ya mtoto ingefunguliwa siku ileile ilipowekwa, na kina mama wangeanza kutazamana kwa jicho baya, kila mmoja akimshuku mwenzake.

Tangu siku hiyo nina neno ambalo sitaki kulinyamazia. Nalisema kwa vijana wanaoandika programu katika mji huu, kwa walimu wao, na kwa wale walio mbali wanaotunga lugha tunazozitumia. Mashine ikipewa hesabu ya muda isiyoweza kuibeba, wajibu wake wa kwanza ni kusema kwamba haiwezi. Jibu la uongo lililovaa sura ya ukweli ni baya kuliko kukosa jibu.

Tuanze na kibaba chenyewe. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu saa sita usiku wa 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha biti 32, kile kinachobeba namba hasi na chanya, kinafika mwisho kwenye sekunde ya 2,147,483,647. Sekunde hiyo itatufikia Jumanne ya 19 Januari 2038. Hapa Goma itakuwa saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri. Sekunde inayofuata, mashine iliyobaki na kibaba hicho itaamini kwamba ni 13 Desemba 1901. Wala si lazima tungoje 2038 ili kuumia. Programu yoyote yenye kibaba hicho inayotazama mbele, kama ile ya mkopo wa nyumba, bima au akiba ya mtoto, inagonga ukuta huo leo. Ndivyo ilivyomtokea mpwa wangu.

Sisi wa Goma tunajua kuishi na hatari. Nyiragongo ulitutapikia moto 10 Januari 1977, kisha 17 Januari 2002, kisha jioni ya Jumamosi 22 Mei 2021. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaingia ziwani, na watu kwa mamia ya maelfu wakakimbilia Gisenyi na godoro kichwani. Mlima hautoi tarehe. Wataalamu wetu wa volkano hukesha wakisikiliza matumbo ya ardhi ili angalau watupe saa chache za kujiokoa. Hatari ninayoiandika leo imetupa siku, saa, dakika na sekunde, miaka mingi kabla. Tukishikwa nayo hatutakuwa na wa kumlaumu.

Wala tusidhani ni hadithi ya nchi za mbali, kwa kuwa kibaba cha namna hii kimekwisha kujaa katika Afrika Mashariki, ukutani, ndani ya nyumba za watu. Nazungumzia mita za umeme za kulipia kabla, zile ambazo wengi wetu hapa tunaziita cash power. Sehemu kubwa ya mita hizo duniani hufuata kiwango kimoja kilichozaliwa Afrika Kusini. Kila tokeni ya tarakimu 20 hubeba ndani yake namba ya dakika ilipotengenezwa, ambayo hapo awali ilihesabiwa tangu 1 Januari 1993. Namba hiyo ilipewa biti 24, ambazo zinatosha dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32. Mita huitumia kuzuia udanganyifu: ikiletewa tokeni ya zamani kuliko zile inazozikumbuka, huikataa, ili mtu asiingize tokeni moja mara mbili.

Tarehe 24 Novemba 2024 dakika hizo zilikwisha. Tokeni iliyotengenezwa siku ya pili yake ingeonekana mbele ya mita kama ya 1993, na mita, kwa uaminifu wake wote, ingeikataa. Mtu angekuwa amelipa na kubaki gizani. Ndiyo maana TANESCO ilitangaza maboresho ya mita za LUKU, Kenya Power ikawahimiza wateja wake, na Umeme ya Uganda ikafanya vivyo hivyo kwa mita za Yaka. Mteja aliponunua umeme alipewa kwanza mafungu mawili ya tarakimu 20 ya kuirekebisha mita, ndipo likaja fungu la umeme wenyewe. Kuanzia Mwanza hadi Kisumu na Kampala, watu walisimama mbele ya ukuta wakibonyeza tarakimu 40 ili kusahihisha uamuzi uliopitishwa miaka 30 nyuma na watu wasiowajua.

Nalitazama tukio hilo kwa heshima na kwa hofu. Heshima, kwa sababu kikomo kile kilijulikana, kiliandikwa, na dawa yake ilipatikana kabla ya siku kufika. Hofu, kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa kuuhamisha mwanzo wa hesabu kutoka 1993 hadi 2014. Kibaba ni kilekile, na kitajaa tena 24 Novemba 2045. Mtoto wa likelemba yetu atakuwa na miaka 21 siku hiyo.

Sasa niseme kuhusu maktaba sanifu, kwa kuwa hapo ndipo kidonda kilipo na ndipo dawa inapopaswa kupakwa. Maktaba sanifu ni ghala la zana zinazokuja pamoja na lugha ya programu: zana ya kusoma saa, ya kujumlisha muda, ya kupanga usingizi wa mashine. Kijana hazitengenezi, anazikuta na anaziamini, kama tunavyouamini ujazo wa bidoni ya njano tunayotekea maji ziwani. Bidoni ni ya lita 20. Ukimimina ya 21, itakuambia papo hapo kwa kukulowesha miguu. Namba ikifurika hailoweshi mtu. Ndiyo maana aliyeitengeneza zana anawajibika kuipa sauti.

Zana za muda zina namna nne za kupokea hesabu isiyoingia. Ya kwanza ni kuzunguka kimya kimya, kama gurudumu la chukudu: ukipita juu unarudi chini. Hiyo ndiyo iliyomponza mpwa wangu. Jumlisho la kawaida la namba kamili katika Java hufanya hivyo, na katika C mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa kanuni za lugha hazisemi kabisa nini kitatokea namba yenye alama ikifurika. Ya pili ni kuisimamisha programu palepale na kutangaza kosa. Python ina kalenda inayoishia mwaka 9999. Ukivuka hapo haikupi mwaka mwingine, inapiga kelele. Ya tatu ni kutua ukingoni: ikishindwa kubeba zaidi, zana inarudisha kiasi kikubwa kuliko vyote inavyovijua. Katika Go, muda hupimwa kwa nanosekunde na kikomo chake ni kama miaka 290. Ukitoa tarehe mbili zilizoachana kuliko hapo, unapewa kikomo hicho. Ya nne ni kurudisha jibu linalosema kwamba jibu halipo, na kumlazimisha mwandishi aamue la kufanya. Rust ina zana ya namna hiyo kwa kila jumlisho la muda.

Wengi hupenda kuuliza ipi kati ya hizo ni bora. Mimi naona tuanze kwa kuuliza namba hiyo ina maana gani kwa mtu atakayeitumia.

Chukua mfano wa kusubiri. Programu inangoja ujumbe, na mwandishi wake hataki ikate tamaa, kwa hiyo anaiambia isubiri muda mrefu kuliko wote unaokubalika. Maktaba ikichukua muda huo ikaujumlisha na saa ya sasa, namba inafurika. Ikiwa kila kufurika kunasimamisha programu, basi programu itaanguka kwa sababu mtu aliiomba uvumilivu. Wanaotunza Rust wameliona hilo. Katika zana yao ya kupokea ujumbe, jumla ikishindwa kuingia, mashine inasubiri bila kikomo, kwa kuwa miaka isiyohesabika na milele ni kitu kimoja kwa anayesubiri. Hapo kutua ukingoni ni busara.

Lakini chukua tarehe ya kulipa deni, siku ya kufungua akiba, siku dawa inapoharibika. Ukiikata tarehe hiyo ili itoshe kwenye kibaba, umeandika uongo katika daftari la mtu. Subira inaweza kukatwa ncha bila kumuumiza yeyote, deni haliwezi. Kwa namba za aina hii maktaba inapaswa kukataa, na mlango wa kukataa uwe ndio mlango wa mbele. Java iliongeza zana ya jumlisho linalopiga kelele mwaka 2014, na ni zana nzuri, lakini ni lazima uijue na uiite kwa jina. Anayeandika alama ya kujumlisha kama alivyofundishwa darasa la kwanza bado anapita mlango wa hatari. Hilo ndilo ninalolilalamikia: njia fupi na njia salama zimetenganishwa, halafu tunashangaa wanafunzi wakipita njia fupi.

Hata wenye uzoefu hujifunza kwa kuumia. Kuna saa ndani ya kompyuta ambayo imeahidi kutorudi nyuma kamwe, hata mtu akibadilisha tarehe. Kwa miaka mingi, programu ya Rust iliyotoa wakati mmoja katika mwingine ikakuta jibu ni hasi ilisimama palepale, kwa hoja kwamba jambo hilo haliwezekani. Likawezekana. Zilipatikana mashine ambazo saa zake zilirudi nyuma kwa kasoro za vifaa na mifumo, na programu zisizo na hatia zikaanguka. Toleo la 1.60, la Aprili 2022, lilibadilisha tabia: sasa jibu huwa sifuri. Nauelewa uamuzi huo na nauunga mkono, lakini una gharama, maana sifuri huficha saa mbovu. Afadhali waliacha pia zana ya pili, inayosema wazi kwamba hesabu imekataa, kwa anayetaka kujua ukweli. Huo ndio muundo ninaoutetea: upole kwa anayepima tu muda uliopita, na ukweli mkavu kwa anayeandika kumbukumbu.

Najua nitaambiwa kwamba biti 64 zimemaliza shida hii. Kweli, sekunde zikihesabiwa kwa biti 64 zinatosha miaka bilioni 292. Linux ilikwisha kuzitayarisha mashine za biti 32 kuvuka 2038 katika toleo la 5.6 la mwaka 2020. Lakini tazama meza za mafundi wa simu pale Birere. Kifaa ambacho kwingine kimetupwa, hapa kinafunguliwa, kinapulizwa vumbi, kinapewa betri mpya na kurudi kazini. Huo ni ustadi wetu na ninajivunia. Maana yake pia ni kwamba kibaba kidogo kitaishi kwetu muda mrefu kuliko kwa waliokitengeneza. Programu mpya ya biti 64 itazungumza na kifaa cha zamani, na mahali wanapokutana, namba kubwa italazimishwa kupita kwenye tundu dogo.

Na si kompyuta peke yake. Setilaiti za GPS zilitangaza wiki kwa namba ya biti 10, yenye nafasi ya wiki 1,024 tu. Hesabu ilianza Januari 1980, ikajaa Agosti 1999, ikajaa tena Aprili 2019, na itajaa tena Novemba 2038, mwaka uleule. Jambo hili linatugusa kuliko wengi wanavyodhani. Vipima tetemeko huchukua saa yao kutoka setilaiti. Mtaalamu hujua tetemeko limeanzia wapi chini ya mlima kwa kulinganisha wakati ambao wimbi lilifika kwenye kila kituo, na mawimbi yale ya kwanza husafiri kilomita kadhaa kwa sekunde moja. Kituo kimoja kikipotoka kwa sekunde moja tu, kitampeleka mtaalamu mbali na mahali lava inapojisogeza. Kikipotoka kwa wiki 1,024, afadhali, maana kosa litaonekana kwa macho. Kosa dogo lililofichwa vizuri ndilo linaloua.

Msomaji mmoja ataniuliza kama huu ndio wakati wa kuyasema haya, katika mji unaohangaikia maji, chakula na usalama. Namjibu kwa moyo mweupe. Tangu mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa kundi lenye silaha la M23 na benki zikafunga milango, riziki ya familia nyingi imekuwa ikipita kwenye simu. Mama anayesubiri fedha kutoka kwa mwanawe Kampala hana karani wa kumlalamikia dirishani. Ana kioo tu. Watu wanapobaki na kioo peke yake, kioo hicho hakina ruhusa ya kusema uongo. Mwenye mengi anaweza kustahimili kosa la mashine. Asiye na kitu hulipa kosa hilo kwa mlo wa jioni.

Basi naomba mambo matatu. Walimu wa ISIG, wa ULPGL na wa Chuo Kikuu cha Goma wafundishe kikomo cha namba siku ileile wanapofundisha tarehe, na mwanafunzi asipite mtihani wa kwanza kabla hajaisogeza mbele saa ya mashine yake hadi 18 Januari 2038 na kuona programu yake inafanya nini kesho yake. Waliojenga kiini cha Linux walifanya jambo la namna hiyo kwa makusudi. Katika mashine za biti 32 walianzisha kihesabu cha muda kikiwa kimebakiza dakika tano tu kujaa, ili kila mashine inapowashwa, kufurika kuwahi mapema na kasoro iumbuke karakanani, mbele ya fundi, kabla haijafika kwa mteja. Sijaona unyenyekevu mzuri zaidi ya huo katika kazi hii.

La pili, anayenunua vifaa vya kudumu kwa fedha za watu, iwe mita, kipima tetemeko au mashine ya hospitali, amuulize muuzaji kibaba cha saa yake kinajaa lini, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Mita za 2024 zilirekebishwa kwa mkono kwa sababu kuna mtu alikuwa ameiandika tarehe.

La tatu nawaomba watunga lugha. Alama ya kujumlisha inapogusa muda, ikatae wazi isipoweza. Anayetaka kuzunguka au kutua ukingoni aseme hivyo kwa neno refu, linaloonekana na kila atakayeisoma kazi yake baadaye. Hesabu za tarehe si nyingi kiasi cha kuichosha mashine. Ukaguzi huo hauna gharama ambayo mtumiaji ataihisi.

Mpwa wangu aliifanyia kazi programu yake wiki nzima. Alihamia namba ya biti 64, lakini simu ya mtunza hazina wa likelemba ni ya zamani, na kuna sehemu ndani yake ambayo bado haipokei tarehe ya mbali. Kwa hiyo aliandika kwamba ikifika hapo, programu isihifadhi chochote, na kioo kiseme kwa Kiswahili: "Tarehe hii siwezi kuibeba."

Nilikuwepo mama huyo mtunza hazina alipoijaribu. Aliingiza jina la mtoto na siku ya kuzaliwa, akasoma jibu, akatulia kidogo. Kisha akafungua mkoba, akatoa kaye yake yenye jalada lililochakaa, akaandika kwa bik ya bluu: 1 Machi 2042. Akamwita mama mwingine aje ashuhudie, wote wawili wakatia sahihi.

Simu ilikuwa imeshindwa, na akiba ya mtoto ilikuwa salama.